Tunza stripu za sukari kuliko mashine

Mama yangu ana kisukari, tunaishi Tanga, na mimi ndiye ninayempima sukari kila asubuhi. Majirani huniuliza wanunue mashine gani. Mimi huwauliza kama stripu zake, yaani vijiti vyembamba vya kupokea tone la damu na kuchomekwa kwenye mashine, zinapatikana karibu na watazihifadhi wapi, maana kipimo chenyewe hufanyika kwenye stripu.

Kwenye stripu kuna kimeng'enya kilichokaushwa, yaani protini inayoharakisha mabadiliko ya kikemikali. Damu ikiingia, kimeng'enya hicho huinyang'anya glukosi (sukari ya damu) elektroni, yaani chembe ndogo zenye chaji ya umeme, kemikali nyingine huzipokea na kuzifikisha kwenye elektrodi, yaani kipande kinachopitisha umeme, kisha mashine hupima umeme unaopita. Sukari ikizidi, umeme nao huzidi. Msingi wa upimaji huu uliwekwa mwaka 1962 na watafiti Leland Clark na Champ Lyons huko Marekani.

Kimeng'enya ni protini, na joto letu la pwani pamoja na unyevu hukiharibu taratibu bila stripu kubadilika sura. Kopo la stripu lina kitu kinachofyonza unyevu, kwa hiyo toa stripu moja na ufunike papo hapo. Usizihamishie kwenye mfuko wa plastiki, wala usiziweke kwenye friji. Za kuuzwa mojamoja kutoka kopo lililo wazi mimi sinunui, hata zikiwa rahisi.

Kabla ya kupima, nawa mikono kwa sabuni na uikaushe kabisa. Aliyetoka kumenya embe ana sukari kidoleni, na stripu itaihesabu pamoja na ya damu.

Jambo linaloniumiza zaidi ni upungufu wa damu, kwa kuwa huku kwetu ni wa kawaida na hautajwi sana. Chembe nyekundu zikiwa chache, stripu nyingi husoma sukari juu kuliko ilivyo. Mgonjwa akiongeza insulini, dawa ya kushusha sukari, kwa namba hiyo, sukari inaweza kushuka vibaya. Mwombe daktari apime wingi wa damu, na ulinganishe mashine yako na kipimo cha maabara siku hiyohiyo.

Ukipima mara mbili ukapata 9.1 na 9.8 (milimoli kwa lita), usihangaike. Kiwango cha kimataifa cha ubora wa mashine hizi cha mwaka 2013 kinaruhusu tofauti ya hadi asilimia 15 na maabara kwa sukari ya kuanzia 5.55.

Lakini mtu akionyesha dalili za sukari kushuka, yaani akitetemeka, akitoka jasho na kuanza kuchanganyikiwa, huku mashine ikisema yuko sawa, mwamini mtu. Kama anaweza kumeza, mpe maji ya sukari kwanza, ndipo urudie kwa stripu mpya.