Maswali na Majibu: Je, Maandiko yanawaruhusu Wakristo kukaa uchi pamoja?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni Mlutheri kutoka Tanzania, na kwa sasa nasoma Ujerumani. Wenzangu wawili ninaosali nao wamenialika ziwani, mahali ambapo wanaume na wanawake huogelea na kuota jua bila nguo. Nilipokataa walinionyesha Mwanzo 2:25, wakanitajia Isaya aliyetembea uchi na Petro katika mashua, kisha wakaniambia kwamba hata Wakristo wa kwanza walibatizwa uchi. Je, hoja zao zina msingi katika Biblia? Na nifanyeje kuhusu sauna, yaani vyumba vya joto kali vya kutokwa jasho, ambako pia watu huingia bila nguo?

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Wenzako hawakukudanganya, kwa kuwa mafungu waliyokutajia yapo, na habari ya ubatizo wa kale pia ni ya kweli. Hoja hizo zina historia ndefu kidogo: unaturisti, yaani desturi ya watu kukaa uchi pamoja, ulianza huko huko Ujerumani mwishoni mwa karne ya 19, ukihimizwa na watu waliotafuta afya ya jua na hewa safi mbali na moshi wa miji ya viwanda, na ulipoingia Marekani, miongoni mwa viongozi wake wa miaka ya 1930 walikuwamo wachungaji kama Henry Huntington wa Kanisa la Kipresbiteri na Ilsley Boone, ambao hawakuona mgongano wowote kati ya imani yao na desturi hiyo. Kwa hiyo swali lako linastahili jibu la Maandiko yenyewe, si la kushtuka tu.

Tuanze na Edeni, kwa maana hapo ndipo hoja yote inaposimama. Mwanzo 2:25 inasema, “Nao walikuwa uchi wote wawili, Adamu na mkewe, wala hawakuona haya.” Wakristo wanaotetea unaturisti husisitiza kwamba nguo ya kwanza, yaani yale majani ya mtini ya Mwanzo 3:7, ilitokana na hofu ya wanadamu na si agizo la Mungu, na kwamba Mungu mwenyewe aliuliza, “Ni nani aliyekuambia ya kuwa u uchi?” Hii ni hoja nzuri kuliko wengi wetu tunavyokubali, kwa sababu inashika ukweli ambao mahubiri yetu huusahau mara kwa mara: mwili uliumbwa ukiwa mwema, na haya haikuwa sehemu ya uumbaji. Lakini hoja hiyo inakoma kabla ya sura kwisha. Katika Mwanzo 3:21 tunasoma, “Bwana Mungu akawafanyia Adamu na mkewe mavazi ya ngozi, akawavika.” Mungu hakuwaambia wavue majani yale warudi walivyokuwa; aliwapa vazi lililo bora zaidi, akalifanya yeye mwenyewe, na akawavika kabla hawajatoka bustanini. Mimi nalisoma tendo hilo kuwa rehema kwa watu ambao macho yao hayatazami tena kama yalivyotazama mwanzo.

Agostino, askofu na mwalimu wa Kanisa la kale, akiandika mwanzoni mwa karne ya 5, alieleza kwamba wanadamu walianza kuona haya pale mwili ulipoacha kuitii nia, kama wao walivyoacha kumtii Mungu. Papa Yohane Paulo II naye, katika mafundisho yake ya Jumatano kati ya mwaka 1979 na 1984, alilirudia fungu lile la Mwanzo 2:25 mara nyingi, akifundisha kwamba uchi wa Edeni ulikuwa hali ya mtu kumpokea mwenzake kama zawadi, bila kumgeuza chombo cha kutumiwa. Si lazima uwe Mkatoliki ili uone uzito wa maelezo hayo. Kama kilichopotea ni namna ya kutazama, basi kuvua nguo hakuwezi peke yake kukirudisha.

Kuhusu Isaya, soma sura ya 20 yote, kwa kuwa ni fupi. Nabii aliamriwa avue gunia kiunoni na viatu miguuni, akatembea hivyo kwa miaka 3, iwe ishara kwamba mfalme wa Ashuru atawachukua mateka wa Misri na wa Kushi wakiwa uchi na bila viatu, vijana kwa wazee, kwa aibu ya Misri. Wataalamu hawakubaliani kama alibaki na kitambaa chochote, lakini maana ya ishara haibadiliki: alikuwa akiigiza fedheha ya mfungwa wa vita. Kulitumia fungu hili kutetea mapumziko ya kando ya ziwa ni kulipindua kabisa. Sauli kulala uchi mbele ya Samweli, katika 1 Samweli 19:24, kunasimuliwa kama kuporomoka kwa mfalme, wala hakuna anayeambiwa amwige. Petro katika Yohana 21:7 alikuwa kazini usiku, na huenda alibaki na nguo ya ndani tu, jambo ambalo kwa watu wa wakati ule lilitosha kuitwa uchi. La kuangaliwa zaidi ni kwamba aliposikia kuwa ni Bwana, alijifunga vazi lake kwanza, ndipo akajitupa majini.

Niruhusu nikae kidogo katika jambo ambalo naona limesahauliwa na pande zote mbili. Ukifuatilia uchi katika Biblia tangu Torati hadi Injili, utaona kwamba mara nyingi Maandiko hayaulizi ni sehemu gani ya mwili imeonekana, bali ni nani amemvua nani, au ni nani ameachwa bila kitu cha kuvaa. Kutoka 22:26-27 inamwamuru mkopeshaji arudishe joho alilolichukua rehani kabla jua halijachwa, kwa sababu ndilo analolalia maskini. Ayubu 24 inawashitaki matajiri kwa ajili ya watu wanaolala uchi usiku wa baridi. Katika 2 Samweli 10:4, Hanuni mfalme wa Waamoni aliwakatia watumishi wa Daudi mavazi yao hadi matakoni, na aibu hiyo ikazaa vita. Bwana wetu mwenyewe alivuliwa na askari, wakagawana mavazi yake chini ya msalaba. Na katika Mathayo 25:36 hakusema kwamba aliona uchi wetu akachukizwa, alisema, “nalikuwa uchi, mkanivika.” Kwa hiyo, wanaume waliowavua wanawake hadharani katika vituo vya mabasi kwetu Afrika Mashariki kwa kisingizio cha kutetea heshima ya mavazi, uovu uliowafanya wanawake waandamane jijini Nairobi mnamo Novemba 2014, walitenda lile hasa ambalo Biblia inalilaani, hata kama midomoni walikuwa na neno la stara. Nasema haya kwa uchungu, kwa kuwa nimesikia Wakristo wakiwatetea.

Sasa ubatizo. Ni kweli kwamba katika karne za mwanzo waliobatizwa walivua nguo zote. Katika mahubiri ya Yerusalemu ya karne ya 4, yanayohesabiwa kuwa ya askofu Sirili, wabatizwa wapya wanakumbushwa kwamba walisimama uchi bila kuona haya, wakifanana na Adamu katika bustani na pia na Kristo aliyevuliwa msalabani. Hata hivyo, angalia jinsi tendo hilo lilivyozungushiwa uangalifu. Utaratibu wa kale unaonasibishwa na Hipolito wa Roma unaagiza watoto wabatizwe kwanza, kisha wanaume, na wanawake mwisho, na mwongozo wa Kanisa la Shamu wa karne ya 3 unataka mashemasi wa kike wawapake wanawake mafuta, ili mwili wa mwanamke usiachwe mikononi mwa wanaume. Kuvua nguo kulikuwa kwa dakika chache na kwa maana moja, yaani kuuacha utu wa kale, na mbatizwa alipotoka majini alivikwa mavazi meupe, sawasawa na Wagalatia 3:27 inayosema kwamba waliobatizwa wamemvaa Kristo. Karne ile ile ya 4, Mtaguso wa Laodikia, yaani mkutano wa viongozi wa Kanisa, uliwakataza Wakristo wanaume, mapadri kwa walei, kuoga pamoja na wanawake katika nyumba za kuogea za umma. Kanisa lililokubali uchi katika kisima cha ubatizo lilikataa uchi wa mchanganyiko bafuni, na halikuona kwamba linajipinga.

Haki inanidai niseme pia kile ambacho Maandiko hayasemi. Hakuna amri inayotangaza kwamba kila kuonekana kwa mwili usiovikwa ni dhambi. Katika Walawi 18, kufunua utupu wa jamaa ni njia ya kutaja tendo la ndoa na jamaa huyo, hakuhusu kuoga. Katika 1 Timotheo 2:9, Paulo anapotaja mavazi ya kujisitiri, wasiwasi wake wa karibu ni dhahabu, lulu na nguo za thamani, jambo ambalo wahubiri wetu hulipita haraka mno. Bwana katika Mathayo 5:28 aliiweka dhambi katika kutazama kwa kutamani, si katika mwili unaotazamwa. Daktari, mkunga na anayemwogesha mgonjwa hawana sababu ya kuona hatia, na wenzako nao usiwahukumu kuwa wazinzi kwa sababu ya desturi waliyoizoea tangu utoto.

Basi jibu langu ni hili: Biblia inakupa sababu ya kuuheshimu mwili, wala haikupi msingi wa kufundisha kwamba kuvua nguo pamoja ni njia ya kurudi Edeni. Tumaini la Paulo katika 2 Wakorintho 5:4 ni kuvikwa zaidi, si kuvuliwa. Nakushauri usiende ziwani, hasa kwa kuwa dhamiri yako imekwisha kukataa, na Warumi 14:23 inafundisha kwamba tendo lisilotoka katika imani ni dhambi kwa anayelitenda. Waambie wenzako hivyo kwa upole, na uendelee kusali nao.

Sauna ni jambo jepesi zaidi. Walutheri wa Finland wameingia sauna bila nguo kwa vizazi vingi, kwa kawaida wanaume peke yao na wanawake peke yao ikiwa si watu wa familia moja, na imani yao haikudhurika. Huko uliko, nyumba nyingi za sauna hutenga siku au saa za wanawake pekee, na baadhi huzitenga za wanaume pia. Uliza ratiba mapokezi, na kama dhamiri yako imetulia, chagua saa hizo.