Mahali pa kusimama kwenye tamasha la wazi

Umeuliza usimame wapi ili uzisikie vizuri bendi katika tamasha la kiangazi. Mbele kabisa panamfaa anayetaka kuona nyuso za wanamuziki kuliko anayetaka kusikia, kwa kuwa spika kubwa huelekezwa zaidi kwa umati ulio nyuma, na sauti ya mwimbaji huweza kumezwa na ngoma na magitaa. Simama karibu na kibanda cha fundi wa sauti, kwani yeye husawazisha muziki kwa kadiri anavyousikia pale alipo. Vaa vizibo vya masikio. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwamba wastani wa ukali wa sauti kwenye maonyesho ya muziki usizidi desibeli 100, kiwango ambacho bado ni kikali kwa mchana kutwa. Ratiba zikigongana, chagua bendi moja uisikilize hadi mwisho.