Mimba, Masomo na Mboga: Legeza Huku, Kaza Kule

Familia isiyokula chochote cha mnyama, na ambayo watoto wake wanasomea nyumbani, ikitangaza ujauzito huulizwa maswali mawili kabla hata ya kupewa hongera. La kwanza: huyo mtoto atapata wapi damu? La pili: hao wakubwa watasoma saa ngapi ukijifungua? Wanaouliza wana haki ya kuuliza. Linalonisumbua ni namna sisi wenyewe tunavyojibu. Wazazi wengi wa aina yetu ninaowafahamu hukaza kwenye masomo, wakihofia mtoto atabaki nyuma, kisha lishe wakaiachia imani kwamba mimea ina kila kitu. Mimi nina wawili, mmoja ana miaka tisa na mwingine mitano, wa tatu yuko njiani, na ushauri wangu ni kinyume chake. Masomo yanasubiri. Vitamini B12 haisubiri.

Nianze na hiyo B12, kwa sababu ndiyo inayozungumzwa kwa haraka kuliko zote. Hutengenezwa na bakteria, na mlaji wa kawaida huipata kupitia nyama, samaki, mayai na maziwa. Ukiviondoa hivyo vyote, hakuna jani, mbegu wala mzizi wa kuutegemea. Utasikia watu wakisifia spirulina, yaani unga wa mwani, na vyakula vilivyochachushwa. Sehemu kubwa ya kinachohesabika humo kama B12 ni kitu kinachofanana nayo tu, mwili hauwezi kukitumia. Kiasi kinachohitajika ni kidogo mno: miongozo ya Marekani inataja mikrogramu 2.6 kwa siku kwa mjamzito na 2.8 kwa anayenyonyesha. Lakini kidogo hicho lazima kitoke kwenye kidonge au kwenye chakula kilichoongezwa virutubisho kiwandani.

Hapa pana mtego. Ini huhifadhi B12 kwa muda mrefu, pengine miaka, kwa hiyo aliyeacha nyama karibuni hujiona mzima kabisa. Halafu sisi wala mboga tuna folati tele mwilini, vitamini ya majani ya kijani, na folati nyingi inaweza kuzuia ile anemia, yaani upungufu wa damu, ambayo ingekuwa ishara ya hatari. Vipimo vya kawaida vya damu vinarudi vizuri, huku mishipa ya fahamu ikiendelea kuumia kimyakimya. Na anayelipa zaidi ni mtoto, kwa kuwa maziwa ya mama aliyepungukiwa nayo hupungukiwa. Madaktari wameandika kuhusu watoto wachanga waliokuwa wakikua vizuri kisha wakaanza kulegea, wakashindwa kushika shingo waliyokwisha kuishika. Sisemi haya kumtisha mtu. Nasema kwa sababu kidonge chake ni kidogo na hakuna sababu hata moja ya kukikosa. Changu kinakaa karibu na mswaki.

Asidi ya foliki, yaani folati ya kidonge, nayo haisamehewi eti kwa kuwa tunakula majani mengi. Mikrogramu 400 kila siku, ikiwezekana kabla hata ya kushika mimba, maana mfereji utakaokuwa ubongo na uti wa mgongo hujifunga ndani ya takriban wiki nne tangu mimba kutungwa. Wakati huo wengi wetu bado tunajiuliza kama tumechelewa siku zetu au vipi.

Kisha madini ya chuma. Mwanamke anapobeba mimba, damu yake huongezeka karibu nusu ya ilivyokuwa, na mahitaji ya chuma, kwa hesabu za Marekani, hupanda kutoka miligramu 18 hadi 27 kwa siku. Chuma cha mimea hufyonzwa kwa shida zaidi kuliko cha nyama, na hapo namna ya kula inakuwa na uzito kuliko kiasi cha chakula. Maharage na dengu niliziloweka usiku kucha, maji nikamwaga. Chungwa, nyanya mbichi au pilipili hoho huliwa pamoja na mlo wenyewe, kwani vitamini C hukisaidia chuma kupita. Chai na kahawa husogezwa mbali na mlo, angalau saa nzima. Hili la chai lilinigharimu kuliko kuacha jibini, nakiri, ila matokeo ya kipimo yalinifanya ninyamaze.

Pamoja na yote hayo, usidhani chakula peke yake kitatosha kila wakati. Shirika la Afya Duniani linashauri wajawazito, hata wale wanaokula nyama, wapewe miligramu 30 hadi 60 za chuma kwa siku pamoja na asidi ya foliki. Vidonge vya kuongeza damu hufunga choo na kukifanya kiwe cheusi. Weusi huo usikushtue, na kwa kufunga choo, sisi tuna nyuzinyuzi za kutosha, ongeza maji tu. Usivimeze pamoja na kalisi, hugombana. Na kama watoto wako hawaendi shule, yaani wako nyumbani mchana kutwa wakifungua kila droo, vifungie. Vidonge vya chuma ni sumu kubwa kwa mtoto mdogo, na baadhi vina rangi na sukari ya juu kama pipi. Katika nyumba yetu hiki ndicho kitu pekee chenye kufuli.

Mengine nitayapitia haraka: iodini, kwa chumvi yenye iodini au kidonge, si kwa mwani wa baharini usiojulikana kipimo, kwa kuwa aina fulani zina iodini ya kupindukia. Vitamini D. Kalisi. Kolini, kirutubisho kingine, ambayo vidonge vingi vya wajawazito huisahau au huweka chembe tu. Soya na maharage husaidia. Na mafuta ya DHA, aina ya omega-3, yanayotengenezwa kwa mwani, ambako samaki wenyewe ndiko wanakoyatoa.

Watakuuliza kama wataalamu wanakubali. Ukweli ni kwamba hawaongei kwa sauti moja. Mwaka 2016 chama cha wataalamu wa lishe cha Marekani kilisema mlo wa mimea pekee uliopangwa vizuri unafaa hata kwa ujauzito na kunyonyesha. Mwaka huohuo chama cha lishe cha Ujerumani kikasema hakiupendekezi kwa wajawazito, kisha mwaka 2024 kikalegeza, hakishauri wala hakikatazi. Mimi hushika maneno mawili tu katika hayo: uliopangwa vizuri. Ndiyo maana kliniki nilisema siku ya kwanza kabisa kwamba sili nyama, samaki, mayai wala maziwa, na nikaomba B12 ipimwe pamoja na wingi wa damu. Ukificha ili usisemwe, mkunga atakupangia huduma ya mtu mwingine.

Kuna wanaokataa dawa kwa sababu ganda la kidonge lina jelatini, ambayo hutokana na wanyama. Tafuta mbadala, muulize mfamasia, lakini mbadala ukikosekana, meza. Chama cha Vegan Society, kilichoanzishwa Uingereza mwaka 1944, chenyewe kinaeleza maisha haya kuwa ni kuepuka matumizi ya wanyama kadiri inavyowezekana na kutekelezeka. Mjamzito mwenye upungufu wa damu hana deni la jelatini kwa mtu yeyote.

Sasa masomo, na hapa nalegeza mpaka wengine wanikasirikie.

Miezi mitatu ya mwanzo sikufundisha karibu chochote kwa mpangilio. Harufu ya maharage yakichemka ilinitoa jikoni, baba watoto akachukua sufuria, mimi nikabaki na vyakula vya baridi visivyonukia, tangawizi, na mikate mikavu kidogokidogo. Watoto walipanda kitandani na vitabu. Nilisoma kwa sauti nilipoweza, na nilipochoka mkubwa akamsomea mdogo wake, jambo ambalo kwenye ratiba yangu ya zamani lisingepewa nafasi. Hesabu zilikuwa za mdomo. Maandishi yalikuwa barua kwa mtoto ajaye, zenye makosa ya kuchekesha ambayo sikuyasahihisha.

Je, walibaki nyuma? Nyuma ya nani? Darasa la shule lina watoto wengi, foleni, makelele ya kutulizwa, wa mbele anayengoja na wa nyuma anayepotea. Nyumbani somo la dakika ishirini za utulivu linafika mbali. Charlotte Mason, mwalimu Mwingereza aliyefariki mwaka 1923, aliwashikilia wazazi na walimu wafundishe watoto wadogo kwa vipindi vifupi, na hakuwa na kichefuchefu cha mimba cha kujitetea.

Isitoshe, mimba yenyewe ni darasa, ilimradi usiifanye somo la kulazimisha. Wiki 40 ni siku ngapi? Tumebakiza ngapi? Mapigo ya moyo wa mtoto tumboni ni kati ya 110 na 160 kwa dakika. Wakahesabu ya kwao kwa saa ya ukutani, wakaruka kamba, wakahesabu tena. Vipimo vya mikrogramu na miligramu mkubwa alivijua kwa kusoma chupa za vidonge vyangu. Aliniuliza, "Mama, mbona B12 ni kidogo hivi na kalisi ni nyingi hivi?" Swali hilo lilituchukua asubuhi nzima: mifupa inajengwa kwa kitu gani, neva zinafanya nini, kwa nini kitu kidogo kikikosekana kinaharibu kikubwa. Mdogo yeye alitaka kujua tu kama mtoto anakula dengu humo ndani kwa kijiko. Tulichora kondo la nyuma na kitovu. Sina hakika kama aliridhika.

Kazi za nyumbani nazo ni elimu, ingawa nisingependa tujidanganye: mtoto wa miaka tisa si mfanyakazi wa ndani. Tulichagua chache ambazo wangeendelea nazo hata nikiwa nimelala na kichanga. Mkubwa anaweza kupika sufuria moja ya dengu na mboga chini ya macho ya baba yake. Mdogo anaosha matunda na kukunja nguo zake, vibaya. Tukaanza mapema, wakati bado nina nguvu ya kuvumilia jikoni lililochafuka.

Miezi mitatu ya katikati, nguvu ziliporudi, sikuzitumia kufidia masomo. Nilizitumia kwenye makaratasi. Sheria za kusomesha nyumbani hutofautiana mno: Marekani inaruhusiwa katika majimbo yote 50 japo kila jimbo na masharti yake, Ujerumani watoto wote hulazimika kwenda shule. Popote ulipo, kama unadaiwa taarifa, rekodi za mahudhurio au tathmini ya mwaka, zimalize kabla tumbo halijawa zito. Hakuna ofisa atakayeahirisha tarehe yake kwa sababu umejifungua usiku uliopita. Panga kazi za watoto kwenye faili, andika tarehe, weka mahali ambapo hata baba watoto atazipata.

Kipindi hichohicho tulijaza jokofu. Mchuzi wa maharage, supu ya dengu, wali, vyote kwenye vyombo vilivyoandikwa jina na tarehe. Watu watakuja na vyakula baada ya kujifungua, kwa upendo, na vingi vitakuwa na siagi au supu ya kuku. Mapema tuliwaambia ndugu: tuleteeni matunda, njugu, mkate, au chukueni watoto nje saa moja nilale. Mama mkwe, ambaye hakubaliani na mlo wetu hata kidogo, alichagua la watoto, na tangu hapo tunapatana kuliko zamani. Kwenye begi la hospitali pia weka chakula chako mwenyewe. Usiku baada ya uchungu si wakati wa kumweleza mtu kwamba mtindi haumo kwenye mlo wako.

Kwa wiki za mwanzo baada ya mtoto kufika tumepanga likizo kamili. Siyo masomo mepesi, likizo. Vitabu vya kusikiliza, michezo, kuchora, na muda mrefu zaidi wa filamu kuliko ninaoukubali kwa kawaida. Wakirudi kwenye masomo tutaanza na hesabu na kusoma tu, mengine yatajileta.

Kilichobaki bila kulegezwa ni vidonge vyangu, vinavyoendelea muda wote wa kunyonyesha. Na jambo moja la mwisho la kuwaeleza wote watakaokusaidia kumlea: maziwa ya soya, ya mlozi au ya shayiri ya dukani si chakula cha mtoto mchanga. Kama maziwa ya mama hayatoshi au hayapo, kinachofaa ni maziwa maalumu ya watoto wachanga. Yapo yaliyotengenezwa kwa soya, ingawa mengi yake yana vitamini D inayotokana na mafuta ya sufu ya kondoo. Sisi tumeshaamua kwamba ikibidi tutayanunua bila kujadiliana, na kopo lake moja tumeliandika kwenye orodha ya vitu vya baba watoto kujua yanapouzwa usiku.