Maswali ya Wasomaji: Mikoko na Viboko, Delta ya Rufiji

SWALI: Kikundi chetu kilipanda mikoko kwenye shamba la mpunga lililoachwa. Miche mingi imekauka. Je, mbegu zilikuwa mbovu?
Msomaji, Kibiti

JIBU: Kabla ya kulaumu mbegu, kagueni tuta. Mkulima wa mpunga hujenga tuta ili maji matamu ya mto yabaki shambani na ya chumvi yasiingie. Shamba likiachwa, tuta hubaki. Maji ya bamvua, yaani siku bahari inapojaa kupita kawaida, yakiliruka hayana pa kutokea. Jua huyakausha, chumvi ikabaki udongoni hadi mizizi michanga ishindwe kunywa.

Subirini bamvua, mtazame maji yanaingilia wapi na yanatuama wapi. Kateni tuta pale lilipoziba kijito cha zamani, mkichimba hadi usawa wa sakafu yake. Mkiishia juu, shamba litajaa lakini halitapwa. Kazi hiyo, kama upandaji, ianze kwa kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu (TFS), kwa kuwa mikoko iko chini ya hifadhi.

Kisha msiharakishe. Kama jirani kuna miti inayozaa, maji yenyewe huleta mbegu, nazo huota pale panapozifaa. Tunapendelea njia hii kuliko sherehe za kupanda miche kwa maelfu.

Mkibaki na mapengo, pandeni mkaka, aina ya mkoko, kwenye tope laini kando ya kijito. Chukueni mbegu zilizoonyesha shingo ya njano pale zinapotokea kwenye tunda na zinazochomoka zikiguswa tu. Zenye matundu ya wadudu tupeni. Zikikaa kivulini wiki moja, kaa hawazishambulii sana. Chomekeni theluthi ya urefu, wima, kila baada ya mita moja, siku za maji mafu, bahari isipojaa wala kupwa sana. Sehemu za juu zenye chumvi zaidi ni za mchu na mkandaa, aina nyingine za mikoko. Mbegu za mchu ni nyepesi na huelea, hivyo zikuzeni kwanza kwenye viriba (mifuko ya kuoteshea miche). Tope tupu la upande wa bahari liacheni: huko miche hukaa ndani ya maji kwa saa nyingi mno.

SWALI: Viboko wanamaliza mpunga usiku. Tufanyeje?

JIBU: Kiboko haruki. Uzio mfupi wa magogo humgeuza, mradi usizibe njia yake ya mtoni, mkiiziba ataupasua. Acheni ukanda wa majani kando ya maji, wala asiwepo anayesimama kati ya kiboko na mto. Uharibifu ukitokea, mwiteni ofisa wanyamapori nyayo zikiwa bado mbichi, kwani madai ya kifuta jasho, malipo ya serikali kwa mazao yaliyoharibiwa na wanyamapori, huhitaji ukaguzi.