Kabla ya kulaumu pipeti, pima taa

Wengi wanaoanza kazi kwenye maabara ya mwani, wakipima sumu ya shaba kwa mwani, huhangaika na kiwango cha shaba hadi desimali ya mwisho, halafu chupa wanaziweka kwenye rafu yoyote iliyo wazi. Majibu yakipishana na ya mwenzao, lawama inaiendea pipeti, kifaa cha kupimia na kuhamisha vimiminika kidogo. Anza na taa.

Shaba na mwanga hukutana palepale kwenye usanisinuru. Mwanga ukiwa mkali, shaba hushambulia kiini cha fotosistimu ya pili, mojawapo ya mitambo ya seli inayonasa mwanga, na nishati iliyokosa pa kwenda huzalisha oksijeni kali zinazounguza seli. Mwanga ukiwa hafifu, shambulio linahama: shaba huingia katikati ya klorofili na kuifukuza magnesiamu. Hendrik Küpper na wenzake walilionyesha hilo mwaka 2002 kwa mwani wa kijani Scenedesmus quadricauda. Ubaya wake ni kwamba klorofili yenye shaba haififii, ingawa haifanyi kazi. Ukiona chupa ya kijani usiseme mwani mzima, hesabu seli.

Kuna na suala la pH, ambalo wageni hulisahau. Mwani wenye mwanga mwingi hula kaboni dioksidi haraka, pH ikapanda. Hapo shaba nyingi hushikwa na kaboneti na haidroksidi, kwa hiyo ile iliyo huru inapungua. Lakini ioni za haidrojeni zinazogombea nafasi kwenye uso wa seli nazo zinapungua, na hiyo shaba kidogo iliyobaki hupenya kirahisi zaidi. Upande upi utashinda? Hutabashiri kwa kichwa. Pima pH mwanzo na mwisho. Mwongozo namba 201 wa OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi la nchi mbalimbali, unataka pH ya chupa zisizo na sumu isipande kwa zaidi ya 1.5 ndani ya saa 72.

Mwongozo huohuo unataka mwanga usiokatika wa maikromoli 60 hadi 120 za fotoni (chembe za mwanga) kwa mita ya mraba kwa sekunde, usiopotoka zaidi ya asilimia 15 kutoka wastani wa eneo zinapokaa chupa. Kipimo kiweke pale chupa inapokaa, si mlangoni mwa kabati, na kiwe cha fotoni. Lux, kipimo kingine cha mwanga, ni kwa ajili ya macho ya binadamu. Zungusha nafasi za chupa kila siku. Umeme ukikatika usiku, andika saa ulipokatika na uliporudi, hata kama msimamizi hakuuliza.

Ukija kulinganisha namba zako na ziwa, kumbuka jua la mchana la ukanda wetu hufika karibu maikromoli 2,000 juu ya maji, na mita chache chini, kwenye maji ya tope, ni giza. Mkolezo wa shaba uliopunguza ukuaji kwa nusu maabara ni wa taa ile tu. Chupa zikitosha, rudia mikolezo ileile kwenye mwanga wa viwango viwili, na kila kiwango kiwe na chupa zake zisizo na shaba.