Kabla Hujasafisha Grafu, Soma Hapa

Juzi kijana mmoja ameniandikia usiku wa manane: "Kaka shikamoo. Nimeona mwanga wa nyota unashuka kwenye data za TESS, setilaiti inayowinda sayari zinazopita mbele ya nyota zake na kuziba mwanga kidogo. Ni sayari hii. Nitangaze?" Nilicheka, halafu nikanyamaza. Haraka hiyo naijua, iliwahi kuniponza.

Mwalimu wetu alitupa faili la nyota bila kuitaja jina. Kumbe ilikuwa CoRoT-2, iliyotazamwa mwaka 2007 na setilaiti ya CoRoT ya Wafaransa: inafanana na Jua, ila ni changa na ina vurugu. Inajizungusha kwa siku nne na nusu hivi, na nguvu za sumaku zimeijaza madoa meusi, kwa hiyo grafu ya mwanga wake inapanda na kushuka kama mawimbi ya kusi. Katikati ya mawimbi nikaona mashimo membamba, kila baada ya siku 1.74, mwanga ukipungua kwa takriban asilimia 3. Moyo ulinidunda! Mshtarii moto, yaani sayari kubwa ya gesi iliyo karibu mno na nyota yake; uzito wake zaidi ya mara tatu ya Mshtarii wetu.

Tatizo, kwenye sakafu ya mashimo kulikuwa na vinundu. Nikaona ni makosa ya kamera, nikavifuta kimoja kimoja hadi adhana ya alfajiri. Grafu ikatakata. Mwalimu akaitazama mbele ya darasa zima, akauliza: "Umefua nini humu?" Walicheka sana. Mpaka leo sijasahau nani alianza.

Vinundu vile ndivyo vilikuwa mali. Sayari ikiziba sehemu ang'avu ya nyota, tunakosa mwanga mwingi. Ikiziba doa, ambalo tayari limefifia, tunakosa kidogo, na mwanga unajiinua. Nilikuwa nimefuta madoa yenyewe.

Basi ndugu zangu, tuache pupa. Anza na data ghafi. Rudi kwenye data ghafi. Madoa ambayo sayari haikuyapitia nayo hudanganya, yanaifanya ionekane kubwa kuliko ilivyo. Nyota mbili zinazozibana huchimba mashimo yaleyale, ndiyo maana hata CoRoT-2 ilibidi ipimwe mtikisiko wake, yaani jinsi inavyoyumba ikivutwa na kinachoizunguka, kwa vifaa vya ardhini, kikiwemo SOPHIE cha Haute-Provence, Ufaransa. Na madoa huvuruga hata kipimo hicho. Ukiwa huna subira, tafuta fani nyingine.

Nilimwomba kijana anitumie faili lake ghafi. Limefika jana, limenyooka kama shati la Idi.