Umechoka kukereza mabakuli? Vunja kanuni moja tu

Wiki iliyopita msomaji mmoja kaniandikia inboksi hivi: "Kaka habari za kazi, mi nakereza mbao, mashine ninayo, patasi ninazo, mkono upo vizuri, ila kila nikiwasha mota naishia bakuli, kinara, bakuli, kinara. Nimeangalia picha mpaka macho yanauma na sioni kitu ambacho hakijatengenezwa na mtu. We zile aidia zako unazitoa wapi?"

Nilimjibu kwa kifupi, ila swali likanikaa kichwani siku nzima. Kwanza kwa sababu najua mko wengi mnaotaka hichohicho, hakuna mkerezaji anayeamka asubuhi akisema leo nataka kufanya kazi inayofanana na ya jirani. Pili kwa sababu ujumbe wenyewe umeingia siku chache tu baada ya kinara changu cha miguu iliyojisokota kuchaguliwa kuwekwa meza ya mbele kabisa kwenye maonyesho, na ninasema wazi nimefurahi, nimefurahi sana, maana maonyesho hayohayo miaka ya nyuma msimamizi alishika bakuli langu, akaligeuza chini juu, akasema "mabakuli tunayo ya kutosha" na akaliacha ukingoni mwa meza kama kitu cha kuokota. Lilikuwa bakuli zuri. Ukuta wake ulikuwa sawa kuanzia mdomo mpaka kitako, msasa ulipita vizuri, na mpaka leo nasimama na kazi ile. Lakini yule bwana hakuangalia ukuta, aliangalia umbo, na umbo alishaliona.

Maneno yale yaliniuma kwa muda mrefu. Nikaanza kujiuliza, hivi mashine ya kukereza inafanya nini hasa? Inazungusha mbao kwenye mstari mmoja ulionyooka, basi. Patasi inatoa kila kisichokuwa duara. Kwa hiyo ukifuata utaratibu wa kawaida, yaani senta moja (ile nukta ya katikati ya ncha ambapo mashine inaishika mbao), mbao kavu, kazi ikitoka kwenye mashine imeisha, lazima utapata kitu cha duara kinachofanana na cha mwenzako, hata ukiangalia picha elfu. Hapo ndo nikaacha kutafuta vitu vipya. Nikaanza kuuliza swali jingine: leo navunja kanuni gani? Na huo ndio ushauri wangu wote ndugu yangu, mengine nitakayosema ni kuurudia.

Nilianza na senta. Chukua kijiti cha mraba, badala ya kuweka alama moja katikati ya kila ncha, weka tatu zinazofanya pembetatu ndogo kuzunguka kati, namba 1, 2, 3, na ncha ya pili vilevile, hakikisha namba zinatazamana. Sasa funga kwenye namba 1 na uwashe. Mbao haionekani tena kama mbao, utaona sehemu ya kati ambayo ni imara na nje yake kivuli kinachopepesuka, na patasi ikigusa kile kivuli unasikia tak-tak-tak-tak kwa sababu inakata upande mmoja na kupiga hewa upande wa pili. Watu wengi hapo wanaogopa wanazima. Usizime, egemeza patasi vizuri, usiisukume, iache mbao iifuate, na ukisikia ile tak-tak inaanza kuungana ujue umefika kwenye mwili. Zima, hamia namba 2, rudia, hamia namba 3. Ukimaliza unashika kitu chenye pande tatu zilizojikunja ambacho mtu akikiona anauliza umechonga kwa kisu? Na ukizizungusha namba za ncha ya pili zisitazamane, yaani 1 ya huku na 2 ya kule, mistari inajisokota. Kinara changu kimetoka hapo.

Spidi lakini, tafadhali. Ile kanuni ya mafundi wengi ya kuzidisha kipenyo kwa inchi na mizunguko kwa dakika upate kati ya 6000 na 9000, mfano inchi 10 unapata mizunguko 600 mpaka 900, hiyo ni kwa mbao iliyokaa sawa. Mbao iliyohamishwa senta haijakaa sawa, inatikisa mashine nzima, kwa hiyo anza chini kabisa, vaa kinga ya uso inayofunika uso wote sio miwani tu, na usisimame kwenye njia ambayo mbao itapita ikichomoka. Kanuni za kuvunja ni za umbo. Za usalama haziguswi, na hilo sibishani na mtu.

Nilipoweka picha ya kazi yangu ya kwanza ya senta tatu kwenye grupu la wakerezaji, mmoja wa wakubwa pale, mtu ambaye wengi tunamheshimu, akaandika "mbao imeharibika hiyo, imekufungukia kwenye chaki," yaani ile taya ya mashine inayobana mbao. Watu wakaweka vicheko. Hakuna aliyeuliza imetengenezwaje. Mwaka uliofuata naona watu walewale wanaposti vinara vilivyojisokota na wanapongezwa, hata salamu ya shukrani sijapata. Sisemi senta nyingi nilizigundua mimi, mambo haya ni ya zamani sana, mafundi wa Ulaya walikuwa na mashine ambazo kichwa kizima kinachoshika mbao kinayumba kikifuata gurudumu lenye mawimbi, na Petro Mkuu wa Urusi mwenyewe alikuwa anakereza kwa mikono yake kwenye karakana yake akiwa na fundi wake Andrey Nartov. Ila pale kwenye lile grupu aliyechekwa ni mimi. Kwa hiyo wewe unayesoma, ukileta kitu tofauti wakakucheka, endelea tu, usifute picha. Mi sikufuta na ipo mpaka leo.

Baada ya senta nikahamia kwenye ile kanuni nyingine, kwamba kazi ikitoka kwenye mashine imeisha. Nani kasema? Kuna namna ya kuunganisha vijiti vinne vya mraba vinavyolingana kabisa, unavigundisha kwenye ncha tu, unakereza mkunjo katikati, alafu unaviachanisha, kila kimoja unakigeuza ile sehemu iliyokatwa iangalie ndani, unagundisha tena, safari hii moja kwa moja, na unakereza nje. Ule mkunjo uliokuwa nje sasa umekuwa tundu ndani, na kazi ina madirisha manne ambayo bobari, ile patasi yenye mkunjo, isingeweza kuyafikia hata ungekesha. Andika namba kwenye ncha za vijiti kabla ya kuachanisha, vinachanganyana haraka. Na vijiti viwe sawa kabisa, tofauti ya unene wa karatasi utaiona kwenye muungo.

Lakini kilichonimaliza kabisa ni kazi ya Seiffen. Hicho ni kijiji cha Ujerumani, kwenye milima ya Erzgebirge huko Saxony, kijiji cha wachonga midoli. Wale mafundi wanachukua kisahani kinene cha gogo bichi la mspruzi, mti wa jamii ya misonobari, nyuzi zake zinaelekea kulekule kwenye mhimili wa mashine, wanakikereza kwanza upande mmoja, alafu wanakigeuza wanakereza wa pili, mpaka kinabaki kama bangili kubwa lenye migongo na mabonde ya ajabu, ukiliona huelewi ni nini. Kisha wanashika kisu na nyundo wanalipasua kama mtu anavyopasua kuni, kipande baada ya kipande, na kila kipande kinachodondoka ni farasi. Ana shingo, ana mgongo, ana miguu. Au ng'ombe, au tembo. Bangili moja linatoa kundi zima la wanyama, na fundi wakati anakereza hakumuona mnyama hata mara moja, alikuwa anamsoma kichwani kwa upande wa pembeni. Ile picha ya kwanza niliyoona ya bangili limepasuliwa nusu, umbo la farasi limejitokeza kwenye mkato, nilikaa kimya kabisa. Mashine ni ileile ninayoitumia mimi, inazungusha duara tu, lakini wao duara wamelikata!

Nikajaribu, sio wanyama, nilianza na herufi na ndege wa umbo rahisi, na siwachoshi na habari za kila bangili. La kushika ni hili: chora umbo lako kwenye karatasi ngumu, ulikate, na hiyo karatasi iwe kipimo chako, unaigusisha kwenye mfereji kila baada ya mkato. Na mbao iwe mbichi yenye nyuzi zilizonyooka, kavu haipasuki vizuri.

Ubichi wenyewe ni kanuni nyingine ya kuvunja. Wote tumefundishwa ukikereza bakuli bichi uache ukuta mnene, kama asilimia 10 ya kipenyo, likauke, lijikunje, alafu ulikereze tena liwe duara. Sawa, ni ushauri mzuri kwa bakuli la duara. Sasa fanya kinyume, kereza jembamba mara moja likiwa bichi na uliache lijikunje linavyotaka. Mbao inasinyaa kufuata miduara ya umri karibu mara mbili ya inavyosinyaa kutoka moyoni kwenda kwenye gome, ndo maana bakuli la duara linakuwa yai, na ukijua moyo wa gogo ulikuwa upande gani unaweza kujua mdomo utainuka wapi kabla haujainuka. Kupima wembamba mi natumia taa. Naweka taa nyuma ya ukuta, naizima ile ya dari, na mbao bichi nyeupe ikianza kuwa nyembamba inapitisha mwanga, mwanzo wekundu wa giza, baadaye rangi ya chungwa, na sehemu nene unaiona palepale kama doa. Unafuata rangi tu, bikari unaipumzisha. Mmarekani Johannes Michelsen anatengeneza kofia kabisa za kuvaliwa kwa njia ya mbao bichi nyembamba, anazikunja zikiwa bado laini zikakaa na kichwa. Kofia ya mbao, kutoka kwenye mashine hii hii ambayo wewe unasema imekuishia aidia.

Kuunganisha vipande vidogo kuwa pete kabla ya kukereza sitakaa sana, kila mtu anafanya, vipande 12 kwa duara, kila ncha ya kipande inakatwa digrii 15, na habari imeisha. Kuzuri, ila wengi wanaishia kutengeneza umbo lilelile la chungu kwa rangi nyingi, na umbo ndo tatizo letu.

Kwa hiyo kaka yangu uliyeniandikia, na wengine wote mnaosoma kimyakimya, funga hizo picha kwa muda. Nenda kwenye mashine, chukua kipande cha kuni, sio mbao ya gharama, chagua kanuni moja na uivunje. Moja tu, ukivunja mbili kwa pamoja hutajua kipi kimekupa nini. Hamisha senta. Au pasua ulichokereza. Au kereza bichi. Kisha kiangalie ulichopata kwa utulivu kabla hujakiita jina, maana ukikiita kinara mapema utakilazimisha kiwe kinara. Vijana mnaharakisha sana kupata kitu cha kuposti, kazi inataka kuangaliwa jamani.

Sa hizi mimi niko kwenye pia inayojipindua, ile ukiizungusha inalala, inainuka, inasimama kwa kijiti chake kichwa chini. Siri yake ni mwili wa duara uliochimbwa upande wa kijiti ili uzito ukae chini ya kati ya duara, msuguano wa meza unafanya mengine. Mwili nimeshaupata, kijiti ndo bado kinanisumbua, kikiwa kirefu inakataa kugeuka, kikiwa kifupi vidole havishiki. Nikipata vipimo vinavyokubali kila mara nitaviweka hapa na picha.